Jinsi ya Kulisha Watu Krismasi Ukiwa na Nyuzi Tumboni

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwao Upareni mgeni hupanda mlima na kuku kwapani, akifika anaingia jikoni bila kuulizwa, anachochea moto, na jioni mwenyeji amepona kweli kwa sababu amekula kuku asiyemnunua. Wahenga hao hawakuwahi kupokea watu ishirini kwenye nyumba ya vyumba viwili mjini Reading, Uingereza, siku ya Krismasi, siku kumi baada ya kutolewa mfuko wa nyongo.

Wewe ndiye utakayewapokea. Na tuseme ukweli: hukualika mtu, ulialikiwa wageni. Ulikuwa umejilaza na paracetamol yako, ukaona kwenye kundi la WhatsApp la Wapare wa huku mtu ameandika, "Krismasi twendeni tukampe pole mgonjwa." Kabla hujageukia ubavu wa pili, nusu ya kundi ilikuwa imeshajibu "Amina." Kule Same, Upareni, mgonjwa hupelekewa chakula nyumbani. Huku watu wanafanya zamu za usiku kwenye nyumba za kulelea wazee, hakuna mwenye nafasi ya kuja kukuona Jumanne asubuhi. Kwa hiyo pole zote zinalimbikizwa mpaka tarehe 25 Desemba, halafu zinakuja kwa pamoja, zikiwa na njaa.

Mwongozo huu utakuvusha. Ufuate kwa mpangilio, na ukiruka hatua usimlaumu mtu.

Hatua ya 1: Chagua kiasi cha ugonjwa

Kabla hujanunua hata kitunguu, amua utaonekana mgonjwa kiasi gani. Wageni wako ni macho ya ukoo. Watakachokiona sebuleni kwako kitafika Same kabla sahani hazijaoshwa, na kutoka Same kitapanda Mbaga, kitafika Suji, kitashukia Gonja, kikizidi kunenepa kila kituo.

Ukionekana hoi, kikao cha ukoo kitaitishwa, mjomba ataanza kuulizia viza, na bibi atagoma kula. Ukionekana mzima kupita kiasi, watu wataanza kuulizana kama ulilazwa au ulijificha, na ile michango yote uliyosamehewa tangu uanze kuugua (harusi, kipaimara, bati la kanisa) itarudi mbio.

Kiwango sahihi ni nusu mgonjwa. Nusu mgonjwa hutabasamu ila hasimami. Hushika tumbo anapocheka. Hula, lakini hubakiza. Juu huvaa shati la sikukuu, chini kandambili. Akiulizwa hali, hujibu "naendelea vizuri" kwa sauti ya mtu ambaye anaweza kuacha kuendelea wakati wowote.

Jua pia ukweli wa mambo, ili uuweke moyoni. Aliyetolewa nyongo kwa matundu madogo kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake, na hurejea kwenye shughuli zake baada ya wiki mbili hivi. Aliyepasuliwa kwa mkato mrefu huhitaji wiki sita mpaka nane. Takwimu hizi usimpe mgeni yeyote. Mgeni akiuliza utapona lini, jibu ni moja: "Daktari amesema bado bado."

Kuna jambo moja lisilo na utani hapa. Homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kidonda kinachotoa usaha na macho yaliyogeuka manjano haviigizwi. Ukiviona, piga 111, na bata mzinga asubiri.

Hatua ya 2: Panga wageni kwa imani zao

Upare ni nchi ndogo yenye imani nyingi. Waadventista Wasabato walifika Upare ya kusini mwaka 1903 na kujenga misheni yao Giti, ya kwanza katika Tanganyika yote. Walutheri wa Misheni ya Leipzig nao walipanda milima yao, na Mchungaji Jakob Dannholz aliishi Mbaga miaka mingi kuanzia 1908. Ukienda Usangi na Ugweno utakuta misikiti ya siku nyingi. Ndiyo maana katika ukoo mmoja wa Kipare utampata mzee wa kanisa, shemasi wa Sabato na alhaji, na wote watatu ni baba zako wadogo.

Kwa bahati njema, kanuni za meza si ngumu. Nguruwe asikaribie nyumba hiyo; hapo alhaji na shemasi wanakubaliana kuliko wanavyokubaliana kwenye jambo lingine lolote, na mzee wa kanisa atavumilia. Kuku na mbuzi watoke bucha ya halali. Kule nyumbani ni kawaida kumwita jirani Mwislamu achinje ili kila mtu ale bila wasiwasi, na huku mwenye bucha ndiye jirani huyo. Mwadventista mwenye msimamo hanywi kahawa wala majani ya chai, kwa hiyo chemsha birika la mchaichai na jingine la tangawizi. Pombe usiweke mezani. Anayetaka bia anajua ilipo buti ya gari lake.

Mwisho, alika Mchaga mmoja. Mmoja tu. Mchaga mmoja ni mtani, wawili tayari ni kamati. Kazi yake ni kusimama mlangoni na kupaza sauti: "Mpare amepika bila kuchangisha! Jamani, huyu kaburi alilichungulia!" Usikasirike. Kwa watu waliolelewa kwenye barabara ya Dar kwenda Arusha, kauli hiyo ni ushahidi mzito kuliko karatasi zote za hospitali.

Hatua ya 3: Panga saa, kisha uzisahau

Krismasi ya 2026 inaangukia Ijumaa. Kwa Mlutheri hilo si tatizo. Kwa shangazi wa Suji, mgeni wako Mwadventista, ni hesabu kali, maana Sabato huingia jua linapozama, na jua la Reading mwezi Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni. Kufikia hapo chakula kiwe kimeliwa, vyombo vimeoshwa na jiko limezimwa. Nawe unawajua watu wako: ukisema saa saba, wa kwanza atagonga saa tisa akilalamikia foleni.

Dawa yake ni kumpa kila mtu saa yake. Waadventista waambie saa sita, Walutheri waambie saa tano, na Mchaga mwambie saa nne, umkumbushe tena saa nne na nusu.

Kumbuka pia kwamba tarehe 25 Desemba treni za Uingereza hazitembei, na sheria ya mwaka 2004 inayafunga maduka makubwa siku hiyo, yale yanayozidi mita za mraba 280. Kwa hiyo kitunguu kilichosahaulika utakitafuta kwenye kiduka cha kona kwa bei ya huruma ya Mungu. Na mgeni asiye na gari atafika tarehe 24 na kuondoka tarehe 26, au pale atakapojisikia. Pima zulia mapema.

Hatua ya 4: Suluhisha ugomvi wa bata mzinga na makande

Watoto waliozaliwa huku watadai bata mzinga, maana ndiye wanayemjua kutoka shuleni. Mnunulie mmoja kwa ajili ya amani. Aliyegandishwa huyeyuka kwenye friji kwa saa 10 mpaka 12 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 6 anataka karibu siku tatu. Wewe umekatazwa kunyanyua vitu vizito, basi mtafute shemeji wa kumtoa dukani, kumwingiza kwenye friji, kumtoa kwenye friji na kumwingiza kwenye oveni. Shemeji huyo atasimulia safari zote nne kwenye hotuba yake. Mwishowe watu watamla bata huyo kwa heshima, akiwa mkavu kama Makanya mwezi wa Septemba.

Kilichowatoa watu Slough na London ni makande. Nyumbani hakuna anayepika makande sikukuu. Sikukuu ni pilau, na makande ni ya Jumatano. Huku mambo yamegeuka. Pilau mtu anaila kila harusi na kila kipaimara, lakini makande yaliyoiva vizuri ni anasa ambayo watu wataendesha gari kwenye barafu kuifuata.

Tafuta mahindi meupe makavu. Maduka ya Waafrika Kusini huuza yaliyokobolewa na kuvunjwavunjwa, nayo yanafaa. Yaloweke usiku kucha. Usithubutu kuweka mahindi matamu ya kopo. Shangazi aliye Same atayatambua kwenye simu kwa rangi tu, na hutakuwa na la kujitetea.

Maharage mekundu nayo yana masharti. Yaloweke kwa saa tano au zaidi, mwaga maji yale, weka mapya, kisha yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili kabla hujapunguza moto. Yana sumu yake ya asili ambayo huondolewa na mchemko mkali tu, na yale majiko ya umeme yanayopika taratibu kutwa nzima huenda yasifikie joto hilo. Usipuuze. Wageni ishirini wenye tumbo la kuendesha, kwenye nyumba yenye choo kimoja, watakufanya uonekane mzima kuliko ulivyopanga.

Pika sufuria mbili. Kubwa ni ya wageni, nazi nzito isiyo na huruma. Ndogo ni yako, isiyo na mafuta mengi, kwa sababu baadhi ya waliotolewa nyongo hujaa gesi au huharisha wakila mafuta. Lakini ogopa kuonekana ukila chakula cha peke yako. Mpishi asiyegusa sufuria ya wageni huzua maswali ya zamani sana Upareni. Chota vijiko viwili vya kwao mbele za watu, sifu nazi, halafu urudi kwenye bakuli lako.

Kuhusu viungo: tangawizi ya Mamba Miamba, ile inayolimwa milimani Same Mashariki, huipati hapa. Utatumia iliyotoka China au Peru, na usimtajie mtu. Mgeni aliyekulia Mamba atainusa, atanyamaza, na atakuonea huruma zaidi kuliko kwa upasuaji. Samli ya shangazi nayo isahau. Abiria anayeingia Uingereza kutoka kwetu haruhusiwi kubeba nyama, maziwa wala vitu vilivyotengenezwa kwavyo. Chupa ile itaishia uwanja wa ndege, na huzuni yake itakaa kwenye ukoo miaka.

Hatua ya 5: Tawala jiko ukiwa umekaa

Weka kiti kwenye mlango wa jikoni. Usiweke ndani, utaombwa kukoroga. Usiweke sebuleni, utaombwa kuzungumza. Ukae mlangoni, ambapo kila anayepita lazima aseme, "Nisaidie nini?"

Hapo ndipo wengi huharibu, kwa kujibu "Hapana, wewe kaa tu, ni mgeni." Adabu hiyo iache Same. Jibu ni, "Afadhali umeuliza." Wifi apewe kachumbari. Vijana wapewe viti. Shemeji aliyesoma bweni apewe maharage ayachambue: huyo alikula makande miaka minne mfululizo akaapa hatayala tena, lakini mikono yake bado inamtambua mdudu wa maharage hata umeme ukikatika. Baada ya nusu saa utagundua kwamba kuna watu saba jikoni, wanabishana kuhusu chumvi, na hakuna hata mmoja anayekuhitaji. Usiseme kitu. Ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 6: Jiandae kwa simu ya Same

Saa nane mchana ya Reading ni saa kumi na moja jioni Same. Jua limeanza kupoa, watu wameshakula, wamejaa barazani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Itakuwa hivi:

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu simama nikuone."

"Daktari amesema nisi..."

"Simama."

Utasimama.

"Fungua shati."

Sebule nzima itanyamaza. Utafungua shati, utaonyesha vidonda vinne, kila kimoja kidogo kuliko ukucha.

"Sasa walipopasua ni wapi?"

"Ndiyo hapo, shangazi. Wanapitisha kamera, halafu wanavuta."

"Nyongo nzima imepita kwenye hako katundu?"

"Ndiyo, shangazi."

Atawageukia watu wa barazani. "Anasema wameitolea hapa." Sauti ya mtu asiyeonekana itauliza kama una hakika imetoka. Kisha shangazi atarudi kwenye simu, uso umeingia baridi: "Sasa sisi tuliofunga siku tatu, tulikuwa tunaombea vitobo?"

Ili kuepuka fedheha hii, asubuhi ya Krismasi bandika plasta ndefu kuliko kidonda. Haimdhuru mtu, na inayatendea haki maombi ya watu.

Hatua ya 7: Pokea dawa zote, usimeze hata moja

Kila mgeni atakuja na dawa. Utapata unga wa mlonge, majani ya mwarobaini, asali iliyolowekwa kitunguu saumu, na kichupa kisicho na jina ambacho mwenyewe ataeleza matumizi yake kwa kunong'ona. Mmoja atakumbusha mwaka 2011, jinsi nchi nzima ilivyopanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, naye atahitimisha kwamba ungekuwa nyumbani, kisu kisingekugusa.

Usibishe. Hakuna mgonjwa aliyewahi kushinda mjadala wa mwarobaini. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, weka kabatini. Wiki ijayo mpelekee mfamasia orodha nzima umuulize kipi kinagombana na vidonge vyako. Mlonge uliobaki ni mboga nzuri tu.

Hatua ya 8: Toa shukrani, kisha pigisha mnada

Baada ya chakula ni utambulisho. Usijaribu kuufupisha, hata kama wote wanajuana tangu shule ya msingi. Kila mmoja lazima aseme jina, kijiji, na uhusiano wake na nyongo yako.

Zamu yako ikifika, sema maneno machache na utaje watu kwa majina. Aliyepeleka watoto wako shule ukiwa wodini. Aliyeleta uji saa sita usiku akitoka zamu, akauacha mlangoni asikuamshe. Aliyelipa bili ya umeme bila kusema, kwa sababu alijua malipo ya ugonjwa ya kisheria, yaliyokuwa pauni 118.75 kwa wiki mwaka 2025, hayafiki hata kwenye kodi ya nyumba. Sehemu hii usifanye mzaha, na ukilia usijali. Nusu mgonjwa anaruhusiwa.

Kisha mwachie mzee wa kanisa afungue mnada. Aliyekulia KKKT anajua: ibada ikiisha, watu hubaki nje ya kanisa, sadaka za mazao zinauzwa moja moja. Yai linapanda bei mpaka linampita kuku aliyelitaga, mnunuzi analitoa tena kwa ajili ya bibi mmoja aliyekaa nyuma, linauzwa upya, na mwisho bibi anaondoka nalo kwenye khanga. Sebuleni kwako kitakachouzwa ni paja la bata mzinga. Mchaga atalipandisha kwa makusudi ili Wapare waumie. Wapare watamwachia ghafla, naye atajikuta amenunua paja kwa pauni 60.

Fedha hizo zisibaki kwako. Mpe mhasibu wa kundi, ziwe za atakayefuata kuugua. Mtu aliye mbali na kwao hana shangazi wa nyumba ya pili wala mjomba wa kuuza mbuzi usiku. Ana kundi hilo la WhatsApp na paja hilo la bata.

Hatua ya 9: Waondoe bila kuwafukuza

Hapa uwe na historia kichwani. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakaja Same mjini kupinga kodi ya mbiru, iliyotaka kila mtu akadiriwe kwa kipimo cha mali yake. Silaha yao kubwa ilikuwa kukaa. Walipiga kambi, wakapokezana, wakakaa tena, na kodi ile hatimaye ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hiyo hiyo, aliandika kijitabu kizima juu ya mbiru mwaka 1971. Wajukuu wa watu hao ndio walioketi kwenye sofa lako saa nne usiku. Serikali ya mkoloni haikuwaweza. Wewe una makovu manne tu.

Usitumie nguvu, tumia ugonjwa. Funga macho. Weka mkono tumboni. Sema "Bwana asifiwe" polepole, kama unayejibu mtu asiyeonekana. Shangazi wa Suji atasimama kwanza, na akisimama yeye, hakuna atakayebaki ameketi.

Kabla hawajatoka, malizeni suala la vyombo. Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Ni uzushi, lakini makontena ya plastiki yenye mifuniko yake usiyafanyie majaribio. Kila lililokuja na kachumbari lirudi na makande, likiwa na jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito, na upige picha.

Hatua ya 10: Hakikisha kama umefaulu

Tarehe 27 asubuhi fungua kundi la WhatsApp. Ukikuta "pole", "pumzika" na picha za maua yenye mstari wa Zaburi, bado unahesabiwa mgonjwa, rudi kitandani. Ukikuta mtu ameuliza juu ya nazi uliyotumia, unaelekea pazuri.

Lakini ukikuta orodha ya kamati ya harusi ya binti wa Kihurio, jina lako likiwa la tatu kutoka juu, mbele yake pauni 100 ambazo hukuahidi, na cheo cha Mhazini ambacho hukugombea, basi ukoo umekupima na kukuona mzima. Miadi ya daktari ya Januari nenda tu, kwa heshima yake.